Seti Tatu za Nyuzi za Gitaa la Umeme Katika Hewa ya Chumvi

Nyuzi za gitaa la umeme zinazouzwa Afrika Mashariki hutengenezwa kwa ajili ya soko la dunia nzima, na maelezo yaliyochapishwa kwenye pakiti huzungumzia zaidi uangavu wa sauti na ulaini wa uzi chini ya vidole. Mpigaji wa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam ana swali jingine la kuuliza kwanza: uzi huu utadumu na sauti yake kwa muda gani katika hewa yenye joto, unyevunyevu na chumvi ya bahari, mikononi mwa mtu anayetoka jasho kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho? Kwa swali hilo nimezipima seti tatu zinazopatikana kwa wauzaji wa ala za muziki, nazo ni Regular Slinky ya Ernie Ball, EXL110 ya D'Addario na Optiweb ya Elixir. Zote tatu zina unene uleule, yaani kutoka 10 hadi 46 kwa sehemu za elfu za inchi, na zote nimezitumia katika mazoezi na maonyesho ya bendi ya dansi. Sikuzihukumu kwa sauti ya siku ya kwanza, kwa kuwa siku ya kwanza karibu kila uzi mpya huwa mtamu.

Kabla ya kuzichambua moja moja, ni vizuri mnunuzi ajue anachokinunua. Gitaa la umeme halisikiki kwa sababu ya tumbo la mbao. Husikika kwa sababu uzi wa chuma unatikisika juu ya sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, na mtikisiko huo huzalisha umeme mdogo unaopelekwa kwenye amplifaya. Ndiyo maana uzi wa nailoni hautoi kitu chochote kwenye gitaa hili, na nyuzi za shaba nyeusi zilizokusudiwa gitaa kavu hutoa sauti isiyolingana: zile mbili nyembamba, ambazo ni chuma kitupu, hupiga kelele, ilhali zile nene hunong'ona, kwa kuwa shaba iliyozungushwa juu ya kiini haivutwi na sumaku. Wauzaji wengi ni wafanyabiashara wa kila kitu na si wanamuziki, hivyo si ajabu kukabidhiwa pakiti ya gitaa kavu ukiwa umeomba ya gitaa la umeme. Soma pakiti mwenyewe kabla hujalipa. Kwa gitaa la umeme maneno ya kutafuta ni yale yanayotaja nikeli au chuma kisichoshika kutu, na ukiona shaba imetajwa, rudisha.

Seti ya kawaida ina nyuzi tatu nyembamba za waya mtupu na tatu nene zilizozungushiwa waya juu ya kiini cha chuma. Waya huo wa juu, katika seti nyingi za leo, ni chuma kilichopakwa nikeli. Zipo pia za nikeli tupu, ambazo zilikuwa za kawaida katika miaka ya 1950 na sauti yake ni ya upole zaidi, na zipo za chuma kisichoshika kutu, zenye sauti kali na ugumu unaokwangua haraka freti, yaani vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingo. Hizi za mwisho zingeonekana ndizo zinazofaa Pwani kwa jina lake, lakini nyuzi tatu nyembamba za seti hizo mara nyingi ni chuma kilekile cha kawaida, nazo ndizo zinazoshika kutu mapema kuliko zote. Mtu anayelipia seti hiyo akiamini ameepukana na kutu amelipia nusu ya anachokitaka.

Unene hupimwa kwa sehemu za elfu za inchi. Mpigaji akisema anatumia "namba kumi" anamaanisha kwamba uzi wake wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, una unene wa inchi 0.010, na zilizobaki zinafuata mpangilio unaojulikana: 13, 17, 26, 36 na 46. "Namba tisa" ni 9, 11, 16, 24, 32 na 42. Tofauti hiyo ndogo kwenye karatasi ni kubwa shingoni mwa gitaa. Katika gitaa la kipimo cha Stratocaster ya Fender, ambalo urefu wa uzi kati ya kijiti cha kichwani na briji, yaani kile kipande kinachobeba nyuzi upande wa tumbo, ni milimita 648, seti ya namba kumi ya D'Addario ikituniwa kwa kawaida huivuta shingo kwa nguvu ya karibu kilo 47, ilhali ile ya namba tisa huivuta kwa karibu kilo 39. Gitaa la aina ya Les Paul ya Gibson lina urefu wa takriban milimita 628, na kwa sababu hiyo seti ileile huwa laini zaidi juu yake kwa kiasi cha asilimia sita hivi. Ushauri wa rafiki mwenye gitaa la aina nyingine, kwa hiyo, upokelewe kwa tahadhari.

Nyuzi nyembamba zilizoenea leo zina historia inayoeleza kwa nini zilitengenezwa na nani alizihitaji. Mpaka miaka ya 1950 uzi wa tatu katika seti nyingi ulikuwa mnene na umezungushiwa waya, na vijana wa Marekani waliotaka kuuvuta pembeni ili kuipandisha sauti, kama ilivyo desturi ya bluzi na roki, walishindwa. Wengine walinunua uzi wa banjo, wakauweka nafasi ya kwanza, wakazisogeza nyingine hatua moja na kuutupa ule wa sita. Ernie Ball, aliyekuwa na duka la magitaa California, aliiona shida hiyo kwa wanafunzi na wateja wake, na mwaka 1962 akaanza kuuza seti zake nyepesi kwa jina la Slinky. Zilizaliwa, basi, kutokana na haja ya kuvuta uzi.

Hapa ndipo mpigaji wa muziki wa dansi anapopaswa kufikiri kwa niaba yake mwenyewe. Sebene, ile sehemu ya wimbo wa dansi ambapo magitaa hutawala, haipigwi kwa kuvuta uzi. Hupigwa kwa sauti safi isiyokwaruzwa, juu kabisa ya shingo, mara nyingi nyuzi mbili kwa pamoja zikiongozana, na kila noti inapaswa kukatika na kusimama peke yake hata mpigaji akiwa na kasi kubwa. Benga ya Kenya, ambayo gitaa lake la solo lilijengwa juu ya mwendo wa nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, inadai vivyo hivyo. Katika upigaji wa namna hiyo uzi mwembamba mno ni kikwazo: kidole kikibonyeza kwa nguvu kidogo zaidi, noti inapanda na kutoka kwenye tuni, na nyuzi mbili zinazopaswa kupatana zinagombana. Kwa maoni yangu namba tisa haifai kwa solo la dansi, isipokuwa kwa anayeanza ambaye vidole vyake bado havijakomaa. Namba kumi ndiyo ya kuanzia, na mpigaji wa rithimu asiyevuta uzi kabisa atanufaika zaidi na namba kumi na moja, ambayo inastahimili mapigo mazito ya mkono wa kulia bila kuyumba.

Lipo pia gitaa lile la tatu la bendi za Kikongo, mi-solo, ambalo kwa desturi uzi wake wa nne huondolewa na nafasi yake kuwekwa uzi mwembamba unaotuniwa oktavu moja juu zaidi. Wengi huchukua tu uzi wa kwanza wa ziada, wa namba 10, na kuuweka pale. Tatizo ni kwamba noti hiyo ya re iko sauti nzima chini ya mi ya uzi wa kwanza, kwa hiyo uzi wa namba 10 unapoteza karibu sehemu ya tano ya mkazo wake na kulegea kuliko wenzake. Uzi mmoja wa namba 11 unaurudisha mkazo karibu na ule wa uzi wa kwanza wa kawaida, na mkono wa kulia hauhisi shimo katikati ya gitaa. Nyuzi za kuuzwa moja moja za D'Addario na Ernie Ball zipo kwa kila unene, na anayepiga mi-solo anastahili kuagiza chache badala ya kufungua seti nzima kwa ajili ya uzi mmoja.

Sasa tuzitazame seti zenyewe. Regular Slinky huja kila uzi ukiwa ndani ya bahasha yake ya karatasi iliyoandikwa unene, na bahasha zote sita zimo ndani ya mfuko uliofungwa usipitishe hewa. Utaratibu huo unamfaa sana mtu anayefunga nyuzi nyuma ya jukwaa kwenye mwanga hafifu, kwani hana haja ya kukisia. Sauti yake ni angavu, yenye mkwaruzo mdogo wa kupendeza kwenye nyuzi nene, na wapigaji wengi husema kwamba ni laini kuliko nyingine za unene uleule. Mimi sikuuhisi ulaini huo kwa kiasi wanachokisema. Unene ni uleule, chuma ni cha jamii ileile, na mkazo hauwezi kutofautiana sana. Nilichokiona wazi ni kwamba nyuzi zake nene huanza kufifia mapema. Kwa anayetoka jasho jingi, zinaanza vizuri sana onyesho la kwanza, zinakuwa za wastani katika yanayofuata, kisha uzi wa nne hubaki na sauti butu kabla ya wenzake. Uzi wa tatu, kwa upande mwingine, hutulia haraka baada ya kufungwa, na hilo si jambo dogo kwa mpigaji wa solo. Wale ambao nyuzi zao hukatikia karibu na kile kishanga cha mwisho wanaweza kutafuta toleo la kampuni hiyohiyo lililoongezewa waya wa kuimarisha sehemu hiyo, linaloandikwa herufi RPS.

EXL110 haina bahasha za karatasi. Nyuzi zote sita zimefungwa pamoja ndani ya mfuko mmoja unaozuia hewa, na zinatambuliwa kwa rangi za vishanga: cha fedha ni uzi wa kwanza, zambarau wa pili, kijani wa tatu, cheusi wa nne, chekundu wa tano, na cha rangi ya shaba ya njano ni wa sita. Mara ya kwanza utaratibu huu unamchanganya mtu, lakini takataka ni chache na mfuko ni imara. Hili la mfuko lina uzito kwetu, kwa kuwa pakiti inaweza kukaa dukani mwaka mzima katika joto kabla haijanunuliwa, na uzi uliofungwa vibaya huanza kuwa na madoa kabla haujaguswa na kidole. Sijawahi kufungua EXL110 halisi nikakuta doa. Sauti yake ni ya kati, haina ukali wa Slinky siku ya kwanza, na kwa sababu hiyohiyo tofauti kati ya upya na uzee wake haishtui sana. Nyuzi zake zinalingana kwa nguvu kutoka wa kwanza hadi wa sita, jambo linaloonekana hasa unapopiga nyuzi mbili pamoja. Kwa mpigaji anayepanda jukwaani kila mwisho wa wiki na anayeweza kubadilisha seti mara kwa mara, hii ndiyo ninayoipendekeza, ingawa nakiri kwamba pengo kati yake na Slinky ni dogo kuliko mabishano yanayofanywa juu yake.

Jina hili la D'Addario lina kasoro moja isiyotokana na kiwanda chake. Bidhaa zake zinaigizwa sana, na kampuni yenyewe imelitangaza jambo hilo hadharani na kuweka namba za siri kwenye mifuko ili mnunuzi aweze kuthibitisha kupitia tovuti yake. Seti bandia hujulikana kwa uchapishaji wenye ukungu, rangi za vishanga zisizofuata mpangilio nilioutaja, na nyuzi ambazo haziwi katika tuni hata zikiwa mpya. Duka moja ambalo sitalitaja liliwahi kuniuzia seti ya namna hiyo kwa bei iliyokuwa nzuri kupita kiasi, na uzi wa kwanza ukakatika wakati wa kutuni. Pakiti inayouzwa kwa nusu ya bei ya maduka mengine iachwe ilipo.

Optiweb ya Elixir ni kitu tofauti kabisa. Elixir ni ya kampuni ya W. L. Gore ya Marekani, ileile inayotengeneza kitambaa cha Gore-Tex kisichopenywa na maji, na ujuzi huo ndio uliotumika hapa: uzi mnene ukishazungushiwa waya hufunikwa wote kwa utando mwembamba wa plastiki ya jamii ya ile ya vikaango visivyogandisha chakula, ili jasho na uchafu visiingie katika mianya ya waya. Nyuzi nyembamba hupewa kinga yake nyingine dhidi ya kutu. Kampuni hiyo ina aina tatu za utando. Polyweb ni mnene na unateleza, Nanoweb ni mwembamba zaidi, na Optiweb ni mwembamba kuliko zote, kiasi kwamba vidole havisikii mtelezo ule ambao wapigaji wengi wanaulalamikia. Nilianza nikiwa na mashaka, kwa sababu nyuzi zenye utando za zamani zilikuwa na sauti iliyofunikwa, kama vile spika imewekewa kanga mbele. Optiweb haina kasoro hiyo. Ni angavu, na baada ya maonyesho ambayo yangezimaliza seti mbili za kwanza, bado nyuzi zake nene zilikuwa na mlio wa chuma. Nyuzi nyembamba nazo zilichelewa kuwa nyeusi, hasa wa pili, ambao kwangu ndio hushika kutu wa kwanza.

Bei yake ni takriban mara mbili ya zile nyingine, na mara nyingine zaidi. Je, inalipa? Kwa kanisa, shule au mtu mwenye gitaa linaloning'inia ukutani na kupigwa Jumapili kwa Jumapili, inalipa bila shaka, kwa kuwa uzi usio na utando huzeeka hapo ukutani hata usipopigwa. Kwa mpigaji anayekata nyuzi mara kwa mara, hailipi. Utando hauuzuii uzi kukatika, na ni uchungu kuona uzi wa bei kubwa umekatika kabla haujazeeka. Utando wenyewe pia huchakaa pale kipigio kinapogusa, na katika Nanoweb sehemu hiyo huweza kuota manyoya madogo yanayoonekana vibaya ingawa sauti haiharibiki sana.

Seti nzuri ikifungwa vibaya haiwezi kusifiwa wala kulaumiwa kwa haki, hivyo naongeza maneno machache kuhusu ufungaji. Kwenye gitaa lenye briji inayoelea juu ya springi, badilisha uzi mmoja mmoja, kwa kuwa ukizitoa zote springi huivuta briji na gitaa zima hupoteza mizani. Anayehama kutoka namba tisa kwenda kumi atakuta briji hiyo imeinama mbele na shingo imejikunja kidogo zaidi. Fundi azikaze springi, aangalie fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo, na atazame pia kama mifereji ya kijiti cha kichwani inaupokea uzi mpya bila kuubana. Uzi unaolia "tiki" wakati wa kutuni umebanwa hapo, na unga wa penseli uliopakwa kwenye mfereji husaidia. Uache uzi mwembamba uzunguke ufunguo mara mbili au tatu hivi, uvute taratibu kwa vidole katikati ya shingo, utuni tena, urudie mpaka usishuke. Baada ya hapo linganisha noti ya freti ya 12 na mlio mwepesi unaopatikana kwa kuugusa uzi juu ya freti hiyohiyo bila kuubonyeza. Noti ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, kipande cha briji kinachobeba uzi huo kirudishwe nyuma. Ikiwa chini, kisogezwe mbele. Bendi nyingi zinazosikika hazipatani zingepona kwa kazi hii ya nusu saa. Na kama nyuzi zako hukatikia mahali palepale kwenye briji, usibadilishe kampuni kabla hujakipitisha kidole hapo: mara nyingi kuna ncha ndogo ya chuma inayokata uzi, na msasa laini unaiondoa.

Utunzaji hauhitaji dawa za gharama. Mikono ioshwe na kukaushwa kabla ya kupiga, nyuzi zifutwe juu na chini kwa kitambaa kikavu cha pamba mara tu baada ya onyesho, na gitaa lirudishwe kwenye boksi lake pamoja na vile vifuko vya punje za silika vinavyokuja na viatu vipya. Wapigaji wa besi wana desturi ya kuchemsha nyuzi zao ili kuyeyusha mafuta na uchafu, na kwa besi, ambayo nyuzi zake ni ghali, inaeleweka. Nyuzi za gitaa zisichemshwe. Ni nyembamba, na maji yanayobaki ndani ya mianya ya waya yanaanzisha kutu mpya.

Muda wa kubadilisha ukifika utaujua kwa ukucha: pitisha chini ya uzi juu ya freti, na kama unahisi vishimo vilivyochimbwa na freti, uzi huo hauwezi tena kuwa katika tuni shingo nzima. Badilisha seti yote kwa pamoja, kwa sababu uzi mmoja mpya katikati ya mikongwe hupiga kelele peke yake. Nyuzi za kwanza na za pili zilizotolewa zikiwa bado hazina kutu zizungushwe vizuri na kuwekwa ndani ya boksi, kwani uzi ukikatika katikati ya onyesho, huo uliokwisha kutumika hutulia katika tuni mapema kuliko mpya, na sauti yake haitofautiani sana na ya wenzake waliobaki kwenye gitaa.